Manemane kwa Kiwele cha Barwako

Garissa, Jumatano, kabla ya magharibi. Kiangazi cha mwaka 1966. Upepo wa vumbi tangu adhuhuri.

Kwako shajara yangu, msikilizaji usiyenikatiza,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, radhi. Ninajua kwamba nimekuacha juu ya kabati muda mrefu kuliko inavyofaa kumwacha rafiki, hata vumbi likakulalia kama linavyokilalia kila kitu katika mji huu. Sina udhuru wa kutosha. Kwanza mikono yangu ilikuwa na kazi. Baadaye moyo wangu ulikuwa na furaha, nami niliogopa kuiandika mapema furaha ile, kama mtu anavyoogopa kumsifu mtoto mchanga mbele ya watu.

Leo furaha hiyo haipo, basi nimerudi kwako. Niwie radhi kwa kukujia na shida tu.

Nitaandika kwa haraka kidogo, kwa kuwa jua likishatua sitawasha taa. Tangu watu wa msituni walipoanza kupigana na Serikali ili jimbo hili lijitenge, amri ni kwamba giza likiingia kila mtu awe nyumbani kwake, na taa dirishani huleta maswali. Mimi ni mzee. Maswali hunichosha.

Wanijua kuliko yeyote aliyebaki: mtu wa bondeni mwa Tana, niliyelelewa na shule ya misheni, nikafanya udresa wa mifugo, yaani usaidizi wa daktari wa wanyama, katika nchi hii ya wafugaji hata nywele zikageuka rangi. Nilipostaafu, jamaa zangu walinitaka nirudi nyumbani mtoni. Nilibaki kwa sababu kaburi la Miriamu, mke wangu, liko hapa, na sikuona ni adabu kumwacha peke yake kati ya wageni. Sasa wageni wale ndio majirani zangu, na mmoja wao ndiye chanzo cha ukurasa huu.

Naomba niyaeleze mambo kwa utaratibu, maana nisipoyapanga yatanishinda.

Mama Nur anakaa katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, hapo ng'ambo ya uwanja, ambako wafugaji wameamriwa kukaa karibu ya macho ya askari. Zamani alikuwa na ng'ombe. Wangapi, sijui, kwa kuwa watu hawa hawahesabu mali mbele ya wengine. Karani alipomwuliza ana ng'ombe wangapi, alijibu, "Alhamdulillahi," na karani akabaki na kalamu hewani. Leo hata karani angeweza kuhesabu. Ng'ombe amebaki mmoja, jina lake Barwako, yaani neema, na ndama wake dume ambaye bado hajajua kula majani.

Nur, mwanawe Mama Nur, ni utingo wa lori, naye amekwama Wajir tangu barabara ilipofungwa. Mkewe alifariki katika uzazi, hapa hapa, na Nur hajui. Marehemu ameacha binti mchanga anayeitwa Nasteho. Jina hilo kwao lina maana ya pumziko. Mtoto huyo hana mama wa kumnyonyesha. Maziwa ya mkebe yamekwisha madukani tangu msafara wa malori ulipozuiwa. Mbuzi wa majirani wamekauka kwa kiangazi, na ngamia wako upande ambao hakuna ruhusa ya kwenda.

Nasteho anaishi kwa Barwako.

Sentensi hiyo nimeiandika peke yake kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi majuma haya yote. Pumzi za mtoto zimefungwa kwenye kiwele cha ng'ombe mmoja, na kiwele hicho kikaugua.

Chuchu ya nyuma, upande wa kushoto, ilivimba. Mama Nur aliponiita niliigusa kwa mgongo wa mkono, nikaona ina joto kama jiwe la mekoni. Nilikamua kidogo juu ya kitambaa cheusi, kama tulivyofundishwa, nikaona mabonge na majimaji ya manjano. Ugonjwa wa kiwele. Vijidudu huingia kwenye tundu la chuchu, na visipozuiwa huhama chuchu hadi chuchu, mpaka kiwele kizima kinakuwa mfuko mgumu usio na kitu. Zamani ningefungua kisanduku changu, nikaingiza dawa ya tyubu, na jambo lingekwisha. Nilikwenda stoo ya dawa kuomba. Kijana wa pale, mwenye adabu nyingi, alinionyesha rafu tupu, akaniambia dawa zitakuja na msafara. Nilimwuliza msafara utakuja lini. Akatazama angani, kana kwamba msafara ni mvua.

Basi nikakumbuka misheni.

Mganga wetu pale misheni alikuwa na mtungi wa kuchemshia majani, na alitufundisha kwamba mimea mingi ina mafuta mepesi ndani yake. Mafuta hayo hutoka pamoja na mvuke, na harufu yake kali ndiyo silaha ya mmea dhidi ya vijidudu vinavyotaka kuuozesha. Kwa kifua alitumia mkaratusi. Kwa vidonda, alipopata, alitumia manemane. Nilijiambia: Ee mzee, umekaa katika nchi ya manemane miaka yote hii, na unalilia tyubu?

Nilikwenda sokoni kwa Bi Shukri, auzaye ubani na manemane, ambayo wao huiita malmal. Huko huenda wanawake tu, wanaotaka kufukiza nyumba na nguo. Nilivua kofia nikaomba kipimo kikubwa.

"Daktar!" akasema, akiwageukia wenzake. "Malmal yote hii? Unaoa?"

"La hasha, Bi Shukri. Ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe anaolewa?"

Wanawake wakacheka hata mmoja akaangusha mizani. Bi Shukri akanifungia manemane katika karatasi, akaongeza konzi moja ya bure, akasema, "Wallahi, ng'ombe huyo ana bahati. Mimi mume wangu hajaninunulia hata ya kufukiza kilemba." Nami nilicheka. Nakiri kwamba ilikuwa muda mrefu sijacheka sokoni.

Mtambo niliujenga uani. Sufuria yenye mfuniko nilioubandika kwa unga uliokandwa, bomba la shaba kutoka lori lililokufa, na gunia lililoloweshwa maji ya mto kulipoza bomba. Nilitwanga manemane, nikachanganya na kivumbasi kinachoota ukingoni mwa Tana, nikachochea moto mdogo. Mtu mwenye akili timamu akiutazama mtambo ule anaona kitu kimoja tu. Askari wa doria, kijana wa bara, alisimama langoni mwangu akashika kiuno.

"Mzee, na uzee wote huu, unapika chang'aa?"

"Hapana, mwanangu. Ninapika manemane."

"Manemane ya Biblia?"

"Hiyo hiyo."

Akaja, akainama juu ya chupa, akanusa, akapiga chafya mara kadhaa. "Haya," akasema, akifuta machozi. "Ukimaliza hiyo, pika na dhahabu."

Mafuta yalitoka kidogo kidogo, matone yenye rangi ya asali, mengine yakielea juu ya maji na mengine yakizama, nikawa nayavua kwa unyoya wa kuku. Kabla ya kumgusa Barwako nilifanya jaribio langu la kimaskini. Nilitia maziwa mabaya ya chuchu ile katika visahani viwili, kimoja nikakitilia matone ya mafuta, kingine nikakiacha. Baada ya kulaza, kisahani kisicho na mafuta kilikuwa kimevutika kama kamasi na kunuka uozo. Kile cha mafuta kilinuka kanisa. Sijui kama wataalamu wangeuita huo ushahidi. Mimi niliita tumaini, na yawezekana hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa maana tumaini ni kinywaji kikali kwa mzee anayekaa peke yake.

Mafuta yale yakipakwa bila kuzimuliwa huunguza ngozi, kwa hiyo niliyachanganya na mafuta safi ya simsim. Nilimpelekea Mama Nur chupa ndogo, nikamfundisha. Nasteho akamiwe kwanza kwenye chuchu nzima, ili maziwa yake yasipate uchungu wa dawa. Kisha chuchu mbovu ikamuliwe mpaka ikauke, na maziwa yake yafukiwe mchangani. Hilo lilimwumiza, kwa kuwa kwao kumwaga maziwa ni kama kumtukana aliyeyatoa. Alikuwa akisema Bismillahi kila akifukia, akageuza uso. Mwisho, chuchu ipakwe dawa na kukandwa taratibu. Ndama azuiwe asiifikie mpaka ipone.

Usafi pia. Hapo nilisimama wima kama mwalimu wangu wa zamani. Nilimwambia kwamba vijidudu husafiri, kwamba kila kinachogusa kiwele lazima kifutwe kwa dawa ile, tone moja kwenye kitambaa cha unyevu.

"Chochote, adeer?" akaniuliza. Huniita adeer, yaani baba mdogo, ingawa mimi si wa ukoo wake wala wa dini yake.

"Chochote, Mama Nur."

Nilimaanisha mikono, kibuyu na kitambaa.

Na alinitii, shajara yangu. Sijapata kuona mtu anayetii namna ile. Kibuyu alikifukiza kwa kijinga cha moto, kama walivyofanya mama zake, kisha akakifuta kwa dawa, ili asiwavunjie heshima wao wala mimi. Joto la chuchu likapungua. Mabonge yakawa madogo, yakawa nyuzi, yakatoweka. Nilikamua tena juu ya kitambaa cheusi, yakatoka maziwa meupe, yenye povu, kama maziwa ya siku za amani. Nasteho alianza kufanya shavu. Alikuwa akishika kidole changu akanikazia macho kwa ukali, kama hakimu, nami nilimwambia Miriamu kaburini kwake kwamba sijawa mzee wa bure.

Hiyo ndiyo furaha niliyoogopa kukuandikia.

Juzi, kwa kuona chuchu imepona, nilimwambia Mama Nur kwamba sasa ndama aruhusiwe kunyonya kote kama zamani. Nilirudi nyumbani nikiimba wimbo wa ibada. Naandika hili nikiona haya.

Leo asubuhi nilipitishwa langoni mwa kijiji na askari yule yule, aliyeuliza kama dhahabu imeiva. Mama Nur alikuwa amechutama kando ya zizi, kibuyu kitupu magotini, na mtoto amemfunga mgongoni, akilia kilio kile chembamba kisicho na nguvu. Hata hivyo alinisalimu kwanza.

"Nabad, adeer. Umelala salama? Kifua yako iko namna gani?"

Nikajibu kwamba kifua ni kizima, nikamwuliza kulikoni. Akajibu kwa Kiswahili chake, ambamo p hugeuka b.

"Barwako amekataa mtoto wake."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni. Anamnusa, halafu anambiga teke. Anamnusa tena, anambiga tena. Mimi nimeimba nyimbo zote najua. Maziwa ameshika yote juu."

Ng'ombe wa nchi hii, wewe unajua, hashushi maziwa kwa mkono wa mtu. Humshushia ndama wake. Ndama huletwa, hunyonya kidogo, mama humlamba, ndipo maziwa yanaposhuka na mwanamke huwahi kukama upande wa pili. Bila ndama hakuna maziwa. Na ng'ombe hamjui ndama wake kwa macho. Humjua kwa pua.

Nilimwendea ndama aliyekuwa amefungwa kwenye mti wa zizi. Niliinama. Kabla sijamgusa nilijua.

Ndama alinuka manemane.

"Mama Nur, tafadhali, ndama amepakwa nini?"

"Dawa yako, adeer, jana, kabla ya kumwachia chuchu ile. Kwa mdomo na kwa bua, mbaka kwa shingo. Nimemtia fizuri." Akaninyanyulia uso, wala haukuwa na lawama, ulikuwa ukingoja tu nimwambie la kufanya. "Si umesema chochote inagusa kiwele? Na nini inagusa kiwele kuliko mdomo ya ndama?"

Jibu alikuwa nalo yeye. Alinielewa vizuri kuliko nilivyojielewa. Mimi nilisema neno pana nikiwa na maana nyembamba, yeye akalichukua jinsi lilivyo, kama unavyochukuliwa wosia wa mzee. Mtu asiyeniheshimu angeniuliza mara ya pili. Mtu asiyeniheshimu angepuuza. Heshima ndiyo iliyompaka ndama.

Tulifanya yote tuliyoyajua. Tulimwosha ndama kwa maji na majivu, tukamwosha tena kwa sabuni yangu niliyoikimbilia nyumbani. Mafuta ya manemane hayaondoki kwa maji. Niliyachagua kwa sifa hiyo hiyo, kwamba yangekaa kwenye chuchu bila kuoshwa na mate wala umande. Tulimsugua kwa samadi ya mama yake. Mama Nur alimnyunyizia chumvi mgongoni, konzi ya mwisho ya jikoni kwake, ili Barwako avutike kumlamba na kwa kumlamba amkumbuke. Barwako alilamba chumvi ubavuni, akafika shingoni, akainua kichwa, akarudi nyuma.

Nikajaribu kukama kwa mkono, mimi mwenyewe, nikitumia kila hila ya miaka yangu ya kazi. Nilipata kiasi cha kulowesha viganja. Barwako aligeuza pembe kunitazama. Sijui kama wanyama huwa na dharau. Kama hawana, basi nilikiona kitu kinachofanana nayo.

Kufikia adhuhuri kiwele kilikuwa kimejaa na kukaza. Niliigusa chuchu ya nyuma ya kushoto kwa mgongo wa mkono. Joto lilikuwa limerudi.

Hii ndiyo hofu yangu yote, niiandike bila kuipamba. Maziwa yakikaa ndani, vijidudu vilivyosalia vitayageuza kuwa shamba lao. Kiwele kikifa, hakuna dawa wala wimbo utakaokirudisha kabla ya mzao mwingine. Na Nasteho hana muda wa kungoja mzao mwingine. Leo amekunywa maji ya sukari, na maziwa ya mbuzi ya kujaza kikombe cha kahawa, ambayo jirani mmoja aliyapunguza kwa watoto wake mwenyewe bila kuombwa. Ameyanywa yote, akatafuta mengine kwa midomo yake hewani.

Nilikaa chini juu ya jiwe. Nadhani uso wangu ulinisaliti, maana Mama Nur aliacha kila kitu akaja na kikombe.

"Adeer, usikae na uso hivyo. Mimi ndiye nimemtia dawa, si wewe. Kunywa shai." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayefichua aibu ya nyumba: "Leo ni ya rangi tu. Niwie radhi, haina maziwa."

Aliniomba radhi mimi.

Nimeelimishwa na misheni kuomba radhi kwa lugha kadhaa, na hakuna hata moja iliyonijia. Nilikunywa chai ile ya rangi mpaka tone la mwisho, kwa kuwa kuiacha kungekuwa tusi jingine.

Kisha nilitoka nje ya zizi, nikaenda nyuma ya ua wa miiba, ili nisali pasipo kuonekana. Sala yangu haikuwa na maneno ya maana. Nilipochungulia kupitia miiba, nikaona jambo. Barwako alikuwa ameinamisha shingo. Alikuwa akimnusa ndama kwa muda mrefu, puani, shingoni, akitoa sauti ile ya chini ambayo ng'ombe huitoa kwa mwanawe tu. Mama Nur alikuwa amesimama kando, amezuia pumzi, mkono kwenye mdomo wa Nasteho, aliyemhamishia kifuani. Ndama akanyoosha kichwa kuelekea kiweleni.

Nikafurahi. Nikaingia zizini haraka.

Barwako akatupa kichwa juu, akakoroma, akamsukuma ndama kwa paji la uso.

Nilisimama pale nikiwa na kofia mkononi. Upepo ulikuwa ukitoka kwangu kwenda kwake. Nikainusa mikono yangu, nikainusa mikono ya koti, nikazinusa ndevu. Kwa majuma nimepika manemane katika ua wangu, nimelala katika moshi wake, nimefuta vidole katika koti hili moja nililo nalo. Ndama ana manemane usoni tu. Mimi nimekuwa manemane yenyewe. Kila nilipokaribia, nilimrudishia yule ng'ombe harufu aliyokuwa akijitahidi kuisamehe.

Mama Nur naye alikuwa ameona. Nilijua kwa jinsi alivyotazama chini. Katika desturi yake hamna njia ya kumwambia mzee aliyekuja kukusaidia kwamba aondoke, na angeona heri ng'ombe akauke kuliko kulitamka.

Kwa hiyo nilimsaidia. Nilitazama juu, nikasema saa za amri zinakaribia na miguu yangu ni mizito siku hizi, afadhali nianze kurudi mapema. Jua lilikuwa bado liko juu. Yeye naye alitazama juu, akasema, "Kweli, adeer, jua imekwenda." Tukaagana kwa heshima zote, watu wazima wawili waliodanganyana mchana mweupe.

Nilipofika nyumbani nilizima moto wa mtambo, nikalivunja bomba. Nimeoga kwa majivu. Nimeoga kwa mchanga wa mto. Nimelifua koti na kulitandika juani. Bado ninanuka kama madhabahu. Kalamu hii inanuka. Na wewe, shajara yangu, nadhani utanuka pia, niwie radhi.

Tangu nilipokaa kuandika nimekuwa nikimsikia Barwako. Nyumba yangu na kijiji vimetenganishwa na uwanja tu, na sauti ya ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa husafiri mbali. Alikuwa akilia kwa vipindi, na kila alipolia, ndama alimjibu.

Sasa hivi wamenyamaza.

Nimeweka kalamu chini nikasikiliza, kisha nimeichukua tena. Ndama aliyepokelewa hunyamaza, kwa kuwa kinywa chake kimejaa. Ndama aliyechoka kukataliwa hunyamaza pia. Ukimya wa kwanza na ukimya wa pili, kutoka dirishani kwangu, ni ukimya mmoja. Maisha yangu yote nimewapa wanyama mkono wangu. Usiku huu msaada pekee nilio nao ni kutokwenda, na hata kesho, na kesho kutwa, mpaka upepo uniondolee harufu hii. Sikujua kwamba kukaa mbali kunaweza kuwa kazi, wala kwamba ni kazi nzito namna hii.

Lakini radhi lazima ifike. Imechelewa tangu asubuhi. Mama Nur hasomi maandishi yangu, kwa hiyo nimeifupisha iwe ya kubebwa kinywani: *Mzee anakusalimu. Anasema kosa lilikuwa la neno lake, si la mkono wako. Anasema haji, na kutokuja kwake si kukutupa. Kiwele kikandwe kwa maji ya moto, na dawa isitumike tena. Aliyeleta maneno haya amrudishie Mzee habari ya mtoto, njema au mbaya, bila kuipunguza.*

Jua limefika kwenye mibono ya uwanja, na mistari siioni sawasawa.

Mchukuzi ni Hirsi, muuza maji, ambaye hupita kwangu alfajiri amri ya usiku inapoondolewa, kisha huingia kijijini na mapipa yake. Nitampa maneno kutoka mbali, nikiwa nyuma ya dirisha. Yeye ananuka punda na maji ya mto, na Barwako hana neno naye.